Mabanda Yaliyokufa Jumatatu

Siku niliyogundua kwamba nimemuua mama mkubwa ilikuwa Jumanne, saa tano na dakika chache asubuhi, nikiwa natafuna karanga.

Nilikuwa natengeneza ramani. Ofisi yetu ni taasisi ya utafiti wa sera, yenye jina refu linaloishia na maneno "maendeleo ya uchumi", ila mchora vibao alikosa nafasi, kwa hiyo kibao cha mlangoni kinaishia kwenye "maende". Watu wengi hawajui mahali kama pale panafanyika nini. Mama mkubwa huwaambia majirani kwamba nafanya kazi na watu wanaoiandikia serikali barua ndefu, na serikali ikijibu wanafanya sherehe. Miezi mitano niliyokuwa pale sikupata maelezo bora zaidi ya hayo.

Cheo changu kilikuwa mtafiti msaidizi. Jina langu lilikuwa Tanbihi. Alinipachika jina hilo mhariri wetu, mama mmoja ambaye naye tulimwita Mkasi, kwa sababu ripoti ya kurasa mia ikipita mikononi mwake inatoka na kurasa mbili na haoni huruma. Siku ya kwanza alinisikiliza nikijitambulisha, akainamisha sikio, akasema, "Huyu binti kila kitu chake cha maana kiko chini ya ukurasa na kwa herufi ndogo." Basi likabaki hilo. Sikulichukia. Nina sauti ndogo, na mbele ya watu zaidi ya watatu hupungua tena.

Ramani yenyewe ilikuwa ya karakana ndogo za mjini, yale mabanda ya bati nyuma ya ghala la saruji ambako mafundi wanatengeneza vitanda, makochi, mageti na majiko. Mabanda mia moja themanini na manne. Taasisi ilikuwa imeyahesabu kabla sijaajiriwa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuingiza fomu kwenye kompyuta, na fomu ilikuwa na visanduku vitatu tu: moja, banda linafanya kazi, mbili, limehama, tatu, limekufa. Sasa nilikuwa naweka nukta kwenye ramani, kijani kwa walio hai na nyekundu kwa waliokufa. Nyekundu zilikuwa sitini na moja. Theluthi nzima. Namba hiyo ndiyo iliyokuwa imeibeba ripoti yote, na jalada lilikuwa limeshachapishwa: *Karakana Zinazokufa*.

Nikaweka nukta nyekundu kwenye banda namba arobaini na saba, nikachukua karanga nyingine, na hapo mkono ukasimama.

Arobaini na saba ni banda la mama mkubwa. Ni dada yake mama yangu, amenilea tangu darasa la pili, na humo anatengeneza makochi mwaka wa kumi na tisa sasa. Asubuhi ile ile alikuwa amenifokea mlangoni kwa sababu nilitaka kutoka bila mwavuli. Marehemu hafoki vile.

Nikavuta boksi la fomu. Namba arobaini na saba: kisanduku cha tatu, alama safi, bila wasiwasi. Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi. Nikatazama fomu ya jirani yake. Jumatatu. Nikatazama zote sitini na moja, na zote zilikuwa za Jumatatu, katika Jumatatu nne tofauti, na za walio hai vilevile. Na mimi ndiye niliyezichapa kwenye kompyuta moja moja, tatu, tatu, tatu, huku nikisikiliza redio.

Nikamfuata Dereva, aliyekuwa chini akilifuta gari ambalo tayari lilikuwa linang'aa.

"Kaka, kwa nini hesabu ya mabanda ilifanyika Jumatatu tu?"

"Gari lina nafasi Jumatatu tu," akasema. "Jumanne mpaka Ijumaa Mkurugenzi yuko kwenye semina."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu hakuna semina. Wenye semina wanaandika ripoti ya semina ya wiki iliyopita." Akakunja kitambaa. "Kuna nini, mbona umepauka?"

Kulikuwa na sponji. Hilo ndilo lililokuwepo. Kila Jumatatu asubuhi lori la sponji linashusha mzigo kwenye ghala la upande wa pili wa mji, na kila fundi wa makochi na vitanda anafunga banda lake na kwenda na watu wake wote, kwa sababu sponji lazima uibonyeze kwa mkono wako mwenyewe. Ukimtuma mtu unaletewa vipande. Wanarudi saa saba mchana na mizigo kichwani. Wahesabuji wetu walikuja saa tatu, wakakuta kufuli, wakatafuta kwenye fomu kisanduku cha mtu aliyetoka kidogo, hakikuwepo. Wakachagua kilichokuwa karibu, yaani kifo.

Mkurugenzi wetu ni mtu mwema, hilo niliseme mapema. Huvua miwani akisikia habari njema na kuivaa akisikia habari mbaya. Semina ya siku ile ilikuwa imeahirishwa, na nilipoingia ofisini kwake alikuwa ameivua.

"Tanbihi, karibu. Ramani iko tayari?"

"Iko tayari. Ila ina kasoro."

"Rangi?"

"Watu."

Akavaa miwani. Nikaeleza vizuri nilivyoweza: Jumatatu, sponji, kufuli, mama mkubwa. Mara mbili aliniomba nirudie kwa sauti. Nilipomaliza akanitazama kwa upole kabisa.

"Mama yako mkubwa ni mtu mmoja," akasema. "Sampuli ya mtu mmoja sisi huwa tunaiita jirani."

"Mafundi wote wa makochi huwa hawapo Jumatatu."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anajua."

"Imeandikwa wapi?"

Sidhani kama imewahi kuandikwa mahali.

Akaanza kunihesabia mambo ambayo tayari niliyajua. Kikao kilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Katibu Mkuu wa wizara angekuja mwenyewe, baada ya kualikwa miaka minne na kila mwaka kumtuma mtu wa kuchukua kalamu na begi. Mara hii alikubali kwa sababu aliisoma rasimu yetu na kuiamini. Alikuwa ameshaandaa hata barua: kwa kuwa theluthi ya mabanda imekufa na eneo halitumiki ipasavyo, mabanda yote yaondolewe na pajengwe maegesho ya magari. Barua ingesainiwa baada ya kikao.

Hilo la maegesho sikulijua. Lilikuwa pendekezo la tatu katika kurasa mbili za Mkasi, na mimi nilikuwa nimesoma kurasa mia zilizobaki.

"Tunaweza kuweka maelezo madogo," Mkurugenzi akasema. "Ukurasa wa thelathini na nane, chini."

"Katibu Mkuu anasoma kurasa mbili," Mkasi akasema. Alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, sijui tangu lini.

"Basi ukurasa wa pili."

"Wa pili una picha yako."

Mkurugenzi akafikiri kuhusu picha yake. "Niletee ushahidi," akaniambia. "Kesho kabla ya saa kumi jioni. Si mama yako mkubwa peke yake, wote sitini na moja. Gari sitaweza kukupa, kesho nakwenda kwenye semina."

"Semina ya nini?" Mkasi akauliza.

"Umuhimu wa takwimu sahihi."

Mkasi alikunywa chai kwa muda mrefu sana.

Mchana nilikwenda bandani. Mama mkubwa alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lisilo na mgongo, na misumari midogo mdomoni. Huongea hivyo hivyo, na ukishaishi naye unazoea. Nilisimama nikimtazama nikiwa sijui pa kuanzia.

"Umefukuzwa kazi," akasema kupitia misumari.

"Hapana."

"Una mimba."

"Mama mkubwa."

"Basi sema, nitajigonga kidole nikiendelea kubahatisha."

Nikasema. Aliendelea kugongomea mpaka nilipofika kwenye kifo chake.

"Mimi nimekufa?"

"Kwenye ramani tu."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Hawakuandika."

"Yaani nimekufa na hata sababu hamkuuliza. Na aliyeniandika ni nani?"

"Mimi. Niliandika tatu. Sikujua kwamba tatu ni wewe."

Akacheka mpaka wale wasaidizi wake watatu, wawili wakikata mbao na mmoja akishona foronya, wakasimama kuuliza kuna nini. "Njooni mfiwe," akawaambia, "msiba uko hapa, na mwenye kunizika ndiye huyu niliyemsomesha." Nao wakaanza kunipa pole kwa zamu, kwa nyuso nzito, mmoja akaniuliza chakula cha msiba kitaliwa saa ngapi. Nilitaka ardhi ipasuke, na pia nilitaka waendelee, kwa sababu nilichobakiza hakikuwa cha kuchekesha.

Nikawaambia kuhusu barua.

Mama mkubwa akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga kwenye kifuniko cha kopo. Kisha akakaa kwenye kochi lile lisilo na mgongo.

"Maegesho ya magari ya nani?"

"Ya wizara. Na ya wageni."

"Na sisi?"

"Barua haisemi."

Akapitisha kiganja kwenye mbao za kochi, taratibu, kama anavyofanya akitafuta kibanzi kilichobaki. Sijawahi kumwona akikosa la kusema, na hata siku ile hakukosa. Alichelewa tu.

"Kesho unaanza saa ngapi?"

"Kuanza nini?"

"Kutuhesabu. Si umesema wanataka sote?"

"Mama mkubwa, naona aibu kugonga milango ya watu."

"Milango yetu ni ya bati. Huna haja ya kugonga. Ukipumua tu inalia."

Jumatano saa mbili asubuhi nilikuwa mwanzo wa mstari, na fomu sitini na moja kifuani kama ngao. Nilikuwa nimeongeza kisanduku cha nne kwa kalamu na rula. Niliandika: *yupo, alikuwa ametoka*. Mama mkubwa alinisindikiza mpaka banda la kwanza, akanisukuma mgongoni kwa kidole kimoja, akarudi kwenye kochi lake. Alikuwa ameahidi kulimaliza wiki ile.

Banda la kwanza lilikuwa la fundi vitanda aliyejulikana kama Sita kwa Sita, kwa sababu hatengenezi kitanda kidogo zaidi ya hicho hata umpigie magoti. Alizima msumeno aliponiona.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Kitanda?"

"Hapana. Nimetoka taasisi ya utafiti wa sera. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu," nikaangalia fomu, "umekufa."

Akanitazama. Akajitazama. "Tangu lini?"

"Jumatatu ya tarehe tisa, miezi sita iliyopita. Saa tatu na dakika kumi."

"Tarehe tisa." Akahesabu kwa vidole. "Mbona mke wangu amejifungua juzi tarehe ishirini na sita na wanasema mtoto kafanana na mimi?"

"Nakuomba radhi."

"Usiombe. Nenda ukamwambie mama mkwe, atafurahi siku mbili." Akaweka sahihi kwenye fomu yangu, na chini yake akachora kitanda kidogo ili, alivyosema, kusiwe na shaka yoyote.

Banda la saba lilikuwa la mshonaji wa vifuniko vya makochi, Mama Zipu. Yeye alisikiliza hotuba yangu mpaka mwisho, na kufikia hapo nilikuwa nimeshaizoea kiasi kwamba haikutetemeka.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mtu akiwa marehemu kwenye karatasi zenu, wale wa leseni wanakuja kwake au wanampita?"

"Sijui, mama. Sisi hatuhusiki na leseni."

"Uliza. Usiharakishe kunifufua."

Nilimweleza kuhusu maegesho. Akaninyang'anya kalamu na kujifufua mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Habari ilinitangulia. Nilipofika banda la ishirini, watu walikuwa wanaulizana kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine, "Wewe ulikufa saa ngapi?" na "Mimi na huyu tulikufa pamoja, dakika kumi tu tumepishana." Mmoja alidai alikuwa hai tangu mwanzo na akanikasirikia kwa kutomweka kwenye orodha ya marehemu, kwamba siku zote anarukwa mambo yakigawiwa. Mafundi wa mageti, ambao hawanunui sponji na hawakufa hata mmoja, walikuja kutazama kwa nongwa kidogo. Saa nne na nusu Dereva akatokea. Alikuwa amemshusha Mkurugenzi kwenye semina na alisema gari lilihitaji kupoa. Akanishikia boksi, na mtu akianza kubisha alikuwa anasema, "Jibu tu, mzee, huyu binti anakupigania kuliko unavyodhani," mpaka nikaona haya kumtazama usoni.

Wanne kweli walikuwa wamehama. Majirani walinionyesha mabanda yao mapya, hatua mia mbili mbele.

Wawili hawakuwepo.

Mmoja alikuwa ameacha ufundi akarudi kwao. Wa pili alikuwa wa banda mia moja na kumi na mbili. Kufuli lake lilikuwa na kutu, lakini mbele ya mlango palikuwa pamefagiwa, na michoro ya ufagio ilionekana kwenye vumbi. Fundi jirani, mtu mzima mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, aliniambia kwamba mwenye banda alikuwa rafiki yake na alifariki miezi saba iliyopita. Vifaa bado vimo ndani, vimetundikwa alivyoviacha, mpaka mwanawe amalize chuo cha ufundi aje avichukue.

Nilisimama na kalamu. Asubuhi yote ile kisanduku cha tatu kilikuwa kichekesho.

"Andika tu," yule jirani akasema. "Ni kweli."

Nikaandika tatu.

"Na uandike kwamba nafagia."

Fomu haina sehemu ya hilo. Niliandika pembeni, kwa wima: *jirani anafagia kila asubuhi*.

Saa tisa na nusu niliziweka fomu mezani kwa Mkurugenzi. Hamsini na watano hai, wanne wamehama, wawili hawapo. Alizisoma zote, sikutegemea hilo. Alisoma moja moja na miwani yake puani, pamoja na kitanda cha Sita kwa Sita na herufi za Mama Zipu. Kwenye mia moja na kumi na mbili alikaa muda.

"Theluthi moja," akasema mwishowe, "inakuwa asilimia moja."

"Na kidogo."

"Miezi minne nimekuwa nikiisema hii theluthi. Nimeisema redioni." Akapanga fomu, akazigonga mezani zilingane. "Tanbihi, unajua taasisi kama hii ina nini? Haina kiwanda, haina shamba, haina askari. Ina kuaminiwa tu. Nikisimama kesho niseme tulikosea, nani atatusikiliza mwakani?"

Niliwaza kwamba nisingependa kusikilizwa mwakani na mtu niliyemhamisha mwaka huu, lakini sikulisema, na usiku kucha nilijilaumu. Aliniambia nije kikaoni na fomu. Hakusema atafanya nini nazo.

Ukumbi wa wizara ulikuwa na meza ya mviringo na maua ya plastiki katikati. Tulikuwa watu kama thelathini. Katibu Mkuu alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, aliyeingia bila kelele na kuketi bila kelele. Mbele yake kulikuwa na faili, na juu ya faili barua. Niliiona kutoka nilipokaa. Nafasi ya sahihi ilikuwa wazi.

Mkurugenzi akasimama na kipaza sauti. Alieleza historia ya taasisi. Alieleza nafasi ya utafiti katika uchumi wa nchi zetu. Alishukuru wafadhili, wizara, na mpishi wa wizara. Dakika ishirini zilipita akiizunguka ile theluthi kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Mkasi, aliyekaa kando yangu, alinong'ona, "Hajui atamkanyaga au atamruka."

Ndipo Katibu Mkuu akauliza swali. Midomo yake ilitikisika, na ukumbi mzima ukainama mbele. Hakuna aliyesikia. Msaidizi wake akarudia kwa sauti: "Anauliza, hayo mabanda yaliyokufa, yalikufa kwa sababu gani?"

Mkurugenzi alinitazama. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitupa au ananipa nafasi. Akavua miwani.

"Swali hilo," akasema, "litajibiwa na mtafiti aliyeyahesabu mara ya mwisho."

Nikasimama. Niliona nyuso thelathini, nikaamua nitazame moja tu, ya yule mtu mrefu, na nikamwambia yeye.

"Hayajafa," nikasema. "Tulikosea sisi. Tulikwenda Jumatatu, na Jumatatu wanakwenda kununua sponji. Jana nimewakuta. Nina sahihi zao."

"Amesemaje?" mtu akauliza nyuma.

Katibu Mkuu alikuwa amesikia. Akauliza kitu, nami nikasikia vizuri kabisa: wangapi? Nikamjibu. Akauliza nani aliweka fomu yenye visanduku vitatu. Nikasema sisi. Akauliza kama wanaajiri watu. Nikamwambia wanne hapa, watatu pale, na kwamba tutamletea hesabu yao. Tuliendelea hivyo dakika kadhaa, watu wawili tusiosikika tukisikilizana, na katikati yetu ukumbi wote umenyoosha shingo kama kuku, na Mkurugenzi akigeuka huku na huku na kipaza sauti, akitafuta wa kumpa.

"Nitakwenda kuona mwenyewe," Katibu Mkuu akasema. Akafungua shajara yake. "Nina nafasi Jumatatu."

"Jumatatu hapana," nikasema.

Shingo zote zikageuka kwangu.

"Amesemaje?" Mkurugenzi akamuuliza Mkasi.

"Amemkatalia."

Katibu Mkuu alinitazama, kisha akaitazama shajara, kisha kitu kikaanza kutikisika kwenye pembe ya mdomo wake. "Lini basi?"

"Siku nyingine yoyote. Hata leo. Ni mwendo wa dakika kumi."

Tulikwenda. Magari sita ya wizara yalikosa pa kuegeshwa, na sikusema lolote kuhusu hilo, ila Dereva alilisema kwa wote waliotaka kusikia. Mabandani misumeno ilikuwa inalia, mtu anapaka vanishi, mtu anabishana na mteja kuhusu urefu wa miguu ya kabati. Nilitaka kumtangulia mama mkubwa nimwonye. Sikuwahi.

Alikuwa amefika kwenye mgongo wa kochi, anavuta kitambaa, misumari mdomoni, na wasaidizi wake walikuwa nje wanapakia mzigo. Alimwona Katibu Mkuu mlangoni.

"Wewe mrefu," akasema, "njoo ushike hapa."

Msaidizi wa Katibu Mkuu alifungua kinywa. Katibu Mkuu akamzuia kwa mkono, akavua koti, akampa, akaingia na kushika pale alipoonyeshwa.

"Vuta. Si hivyo, utachana. Hivyo." Akapiga msumari. "Sogea. Vuta."

Wakaenda hivyo, upande mzima. Mimi na Mkurugenzi tulisimama mlangoni tukiwa hatujui mikono tuiweke wapi.

"Una watu wangapi humu?" Katibu Mkuu akauliza.

Mama mkubwa ana masikio ya mtu anayeishi na mimi. Alimsikia mara moja. "Tuko wanne pamoja na mimi. Na wewe wa tano, ukikaza mkono."

"Ukihamishwa hapa utakwenda wapi?"

"Sina pa kwenda. Mteja wangu anapita hapa kwa miguu, ananiona, anakaa kwenye kochi, anarukaruka kidogo, ndipo ananunua. Nikipelekwa nje ya mji atarukaruka wapi?" Akapiga msumari, akasimama. Akamtazama kwa mara ya kwanza kuanzia viatu kwenda juu. Akanitazama mimi. "Huyu ndiye mwenye maegesho?"

"Ndiye," nikasema.

"Usiachie," akamwambia Katibu Mkuu. "Ukiachia sasa mkunjo utaharibika."

Hakuachia. Alishika mpaka msumari wa mwisho, na shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Alipoachia akafungua na kufumba vidole mara kadhaa, kisha akamwomba msaidizi wake faili. Akatoa ile barua.

"Sitaisaini," akasema. "Hesabu itafanywa upya, kwa siku ambazo nyinyi wenyewe mtazisema. Mpaka hapo hahamishwi mtu."

"Tutaifanya sisi," Mkurugenzi akasema haraka. "Bila gharama kwa wizara. Na tutatangaza kwamba ya kwanza tulikosea." Akavaa miwani. "Nitatangaza mimi. Redioni."

Mama mkubwa alikuwa hajamaliza. "Hayo ni maneno," akamwambia Katibu Mkuu. "Huyu binti yangu aliniua kwa kuandika. Na wewe andika."

Katibu Mkuu akaigeuza ile barua upande mweupe, akaiweka kwenye mkono wa kochi, akaandika mistari mitatu. Mama mkubwa akasubiri aweke sahihi. Akamkumbusha tarehe. Kisha akaichukua, akaisoma mara mbili huku midomo yake ikifuata maneno, akaikunja na kuitia kifuani.

"Asante, baba," akasema. "Sasa ondoa kiwiko, kitambaa ni cha mteja."